Kurekodi mihadhara ya chuo kikuu: nani atasikia, na sauti ni ya nani?

Mafuta yanapoadimika Bujumbura, athari yake huonekana kwanza kwenye vituo vya mabasi, kisha madarasani. Katika miaka ya karibuni uhaba wa petroli umejirudia mara nyingi, kiasi kwamba mwanafunzi anayeishi Kinama, Kamenge au Kanyosha hawezi kuwa na hakika kwamba akitoka nyumbani alfajiri atafika Rohero kabla ya somo la saa mbili asubuhi. Mnamo Machi 2022 pikipiki za abiria, bajaji na baiskeli zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Tangu hapo anayekosa basi amebaki na miguu yake. Mhadhara haumsubiri mtu.

Ni hali hiyo, kuliko mvuto wowote wa teknolojia, inayolipa uzito swali ambalo vyuo vikuu vingi duniani vimekwisha kulijibu kwa namna moja au nyingine: je, somo likishatolewa ukumbini, kuna sababu gani ya kuliacha lipotee hewani? Kurekodi mhadhara na kuuweka mahali ambapo mwanafunzi aliyeandikishwa anaweza kuufikia kwa simu yake ni jambo jepesi kulitamka. Kulitekeleza ndani ya tarafa ya Mukaza, penye vyuo vya umma na vya binafsi vilivyosongamana kati ya katikati ya jiji, Rohero, Mutanga na Kiriri, kunahitaji hesabu, sheria na subira.

Kuna sababu nyingine inayolifanya suala hili kuwa zito kwa Burundi. Vyuo vingi hutegemea wahadhiri wageni, ambao huja kutoka nchi jirani au kutoka Ulaya kwa muda mfupi na kulifundisha somo zima kwa mkupuo. Kozi ambayo kwingineko ingechukua muhula mzima humalizwa kwa wiki mbili, pengine kwa siku chache zaidi. Mwanafunzi akiugua malaria siku tatu tu, hakupoteza saa chache. Amepoteza sehemu kubwa ya kozi, na mwalimu wa kumwuliza amekwisha kupanda ndege. Kinachobaki ni yale maandishi ya somo yaliyotolewa fotokopi, ambayo wanafunzi wa Bujumbura huyaita silabasi. (Mkenya au Mtanzania akilisikia neno hilo atadhani ni orodha ya mada zitakazofundishwa, hapa, kwa kufuata mazoea ya Kibelgiji, ni kitabu chenyewe cha somo.) Silabasi huhifadhi kanuni na tarifi. Mfano ambao mhadhiri aliutoa kwa mdomo, swali lililoulizwa na mwanafunzi wa safu ya nyuma na jibu lililolifafanua jambo zima, havimo.

Majirani walilazimika, Burundi haikulazimika

Mwezi Machi 2020 Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania zilifunga vyuo vyao kwa sababu ya janga la korona. Vyuo vya Tanzania vilifunguliwa tena Juni 1 mwaka huohuo, lakini nchini Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Burundi ilichukua njia yake: shule na vyuo viliendelea kufundisha ana kwa ana. Bila kuingia katika mjadala wa afya ya umma, tokeo moja la kielimu liko wazi. Wahadhiri wa Kampala na Nairobi walijikuta, wapende wasipende, wakizungumza mbele ya kompyuta na kujifunza kwa kukosea. Wa Bujumbura hawakupata shinikizo hilo, na kwa hiyo desturi ya kurekodi haikuota mizizi kwa nguvu ileile.

Uzoefu wa Uganda unastahili kutazamwa kwa karibu. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa tayari na jukwaa lake la masomo la mtandaoni, MUELE, lililojengwa juu ya programu huria ya Moodle, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002 na haina ada ya leseni. Ukumbi wa mtandaoni ulikuwapo. Kilichokosekana ni uwezo wa mwanafunzi wa kulipia njia ya kuufikia. Ndipo RENU, mtandao wa intaneti wa vyuo na taasisi za utafiti nchini Uganda, ulipokubaliana na kampuni za simu za MTN na Airtel ili majukwaa ya masomo yafunguke bila kukata salio la mwanafunzi. Makubaliano ya aina hiyo huleta faida kubwa kuliko kununua kamera ya gharama. Burundi nayo ina mtandao wake wa elimu na utafiti, BERNET, na ina kampuni za simu ambazo wanafunzi hao hao ni wateja wake.

Wazo lenyewe, hata hivyo, si geni katika ukanda huu. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, mradi uliopeleka mihadhara kwa setilaiti na kanda za video kutoka vyuo vya Marekani, Ulaya na kwingineko hadi kwenye vyuo vya Afrika, vikiwemo Kenyatta nchini Kenya na Makerere. Makao yake yalihamishiwa Nairobi mwaka 2002. Mradi ulifanya mengi, lakini mwelekeo wake wa awali ulikuwa ni sauti ya mbali kuja kwa msikilizaji wa hapa. Yanayozungumzwa sasa ni kinyume chake: kuihifadhi sauti ya mhadhiri aliyemo ukumbini kwa ajili ya mwanafunzi aliye umbali wa kilomita chache tu, ambaye hakupata basi.

Sauti kabla ya picha

Wengi wanaposikia habari ya kurekodi mihadhara hufikiria kamera, taa na mtaalamu wa video. Hapo ndipo miradi mingi hukwama, kwa kuwa video ni mzigo mzito kwa mtu anayenunua intaneti kwa megabaiti.

Hesabu ni rahisi. Sauti ya mtu mmoja anayezungumza husikika vizuri hata ikiwa imebanwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho, saa moja ya mhadhara huwa faili la megabaiti 14.4. Video ya ubora wa chini, ile ya kutazamwa kwenye skrini ya simu, ikiwa na kilobiti 500 kwa sekunde, hufikia megabaiti 225 kwa saa hiyohiyo. Video iliyo safi kiasi cha kusomeka maandishi ya ubaoni huweza kuzidi megabaiti 600. Kwa maneno mengine, kwa intaneti inayotumika kutazama somo moja la video hafifu la saa moja, mwanafunzi angeweza kupakua zaidi ya saa 15 za sauti, yaani theluthi ya kozi nzima ya saa 45.

Ubao nao haupotei. Picha tatu au nne za ubao uliojaa, zikipunguzwa ukubwa, hazifiki megabaiti 1 au 2. Mwanafunzi mwenye sauti sikioni na picha ya mlinganyo mkononi amepata sehemu kubwa ya alichohitaji. Kuna masomo ambayo hayawezi kutoshelezwa hivyo, kama anatomia au uchoraji wa kihandisi, na kwa hayo video fupi ya dakika 5 inayoonesha tendo lenyewe hufaa kuliko kurekodi saa mbili za mgongo wa mwalimu.

Vifaa vinavyohitajika vinachekesha kwa uchache wake. Simu ya kawaida iliyowekwa katika mfuko wa shati wa mhadhiri hunasa sauti bora kuliko simu ya bei ghali iliyoachwa kwenye dawati la safu ya tatu, kwa sababu kinachoamua ni umbali kati ya kinywa na kipokea sauti. Kumbi nyingi za Bujumbura zina kuta za saruji na madirisha yaliyo wazi kwa ajili ya joto. Sauti hugonga ukuta na kurudi, na mvua ikinyesha juu ya mabati hakuna kinachosikika. Kipokea sauti kidogo kinachobanwa kwenye ukosi hutatua sehemu kubwa ya tatizo hilo. Simu inapaswa kuzimwa mawasiliano kabla ya kuanza, la sivyo mtu akipiga somo hukatika katikati. Na mhadhiri hana budi kulirudia kila swali linaloulizwa kabla ya kulijibu, kwani muulizaji yuko mbali na kifaa. Wahadhiri wengi husahau hili, na rekodi hubaki na majibu yasiyo na maswali.

Linabaki suala la mahali pa kuhifadhi. Burundi haina bahari. Intaneti yake hupitia nchi jirani hadi kwenye nyaya za chini ya bahari zinazotua Dar es Salaam na Mombasa. Mwezi Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, huduma ilidorora katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Somo lililohifadhiwa kwenye seva ya Ulaya hufuata njia hiyo ndefu kwenda na kurudi, hata kama msikilizaji yuko mita 200 kutoka darasa liliporekodiwa. Likihifadhiwa kwenye seva iliyomo chuoni, mwanafunzi hulipata kwa mtandao wa ndani bila kuugusa waya wa baharini, na mwenye flashi huweza kunakili kozi nzima pasipo intaneti yoyote. Diski moja ya terabaiti 1 ina nafasi ya kozi zaidi ya 1,500 za sauti, kila moja ikiwa na saa 45. Umeme ukikatika seva huzimika, hilo halikwepeki. Ndiyo maana nakala ya pili inapaswa kukaa katika jengo jingine, na ikiwezekana katika mji mwingine.

Sauti ni ya nani?

Kwa kweli mihadhara imekuwa ikirekodiwa kwa muda mrefu. Mwanafunzi huiweka simu juu ya dawati, hubonyeza kitufe, na jioni faili husambaa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Jambo hilo hufanyika kwa nia njema. Tatizo ni kwamba mara nyingi mhadhiri hajui, na faili likishatoka kwenye kundi la watu 60 haliwezi kurudishwa.

Kisheria, mhadhara si maneno ya bure. Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za fasihi na sanaa, ambao Burundi ni mwanachama wake, unaitaja waziwazi mihadhara, hotuba na mahubiri miongoni mwa kazi zinazolindwa. Burundi ina pia sheria yake ya hakimiliki na haki zinazoambatana nayo, ya Desemba 30, 2005. Kwa hiyo mhadhiri aliyelitunga somo lake ana haki juu yake, na kulisikia darasani hakumpi msikilizaji ruhusa ya kulichapisha. Swali gumu zaidi ni mgawanyo wa haki kati ya mhadhiri na chuo kinachomlipa mshahara, na hapo jibu hutegemea mkataba wa kazi. Mikataba mingi iliandikwa kabla ya mtu yeyote kufikiria kwamba somo linaweza kuishi baada ya kengele.

Historia ina mifano inayovuta pande mbili. Katika Collège de France mjini Paris, wasikilizaji wa Michel Foucault waliyajaza meza yake kwa vinasa sauti vya kaseti katika miaka ya 1970. Alifariki mwaka 1984, na masomo hayo yalipoanza kutolewa kama vitabu mwaka 1997, kanda zile za wasikilizaji ndizo zilizokuwa msingi wa maandishi. Bila wao, sehemu kubwa ya ufundishaji wake isingetufikia. Lakini wasikilizaji hao hawakuwa na njia ya kutuma sekunde 20 za somo, zikiwa zimenyofolewa kutoka katika maelezo yake, kwa maelfu ya watu ndani ya dakika 5.

Hofu hiyo ya kunyofolewa ni halali, na haipaswi kudharauliwa kama ukaidi wa wazee. Mhadhiri wa historia, sheria au sayansi ya siasa hufundisha kwa kuitamka kwanza hoja asiyoikubali, kisha kuibomoa. Anayeisikia nusu ya kwanza peke yake anasikia kitu kingine kabisa. Mwanafunzi naye ana hofu yake: swali alilouliza kwa kubahatisha, kwa Kifaransa kilichokwama, linahifadhiwa milele na jina lake likitajwa. Ndiyo maana vyuo vilivyokwisha kuizoea kazi hii huruhusu kinasa sauti kuzimwa wakati wa mjadala, humpa mhadhiri siku chache za kukata sehemu asizozitaka kabla ya kulitoa somo, na hulifungua kwa nywila ya mwanafunzi aliyeandikishwa badala ya kuliacha wazi kwa dunia nzima. Masharti hayo yakiandikwa kwenye ukurasa mmoja na kutiwa saini mwanzoni mwa mwaka wa masomo, ugomvi mwingi huzuilika.

Hofu nyingine ni kwamba wanafunzi wataacha kuja. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali hazikubaliani: mahali pengine mahudhurio yalishuka, kwingine hayakubadilika. Ni haki kusema pia kwamba somo ambalo mhadhiri husoma silabasi yake neno kwa neno, nalo darasa likiandika, lina mengi ya kupoteza kwa kinasa sauti. Lile ambalo watu hubishana na kukokotoa pamoja halina.

Kifaransa kama lugha ya tatu

Kuna upande wa suala hili unaowagusa hasa wasikilizaji wa Kiswahili. Mtoto aliyekulia Buyenzi husikia Kiswahili nyumbani, msikitini na sokoni. Akiingia shule hukuta Kirundi ndiyo lugha ya kufundishia ya miaka ya mwanzo, kisha Kifaransa huchukua nafasi yake. Kiswahili na Kiingereza hubaki kuwa masomo miongoni mwa masomo mengine. Anapofika ukumbi wa chuo, mhadhiri anazungumza Kifaransa cha kitaaluma, kwa mwendo wa mtu aliyeizoea lugha hiyo miaka 30. Mwanafunzi huyo analazimika kufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: kuielewa lugha, kulielewa somo, na kuandika. Moja kati ya hizo hushindwa, na mara nyingi ni ya pili.

Kwake, rekodi si anasa ya mvivu aliyelala. Ni nafasi ya kusikiliza mara ya pili akiwa ameiweka kalamu chini, kusimamisha pale neno lilipompita, kulitafuta katika kamusi, na kuendelea. Vyuo vinavyofundisha kwa lugha isiyo ya nyumbani kwa wanafunzi vimeona mara nyingi kwamba wanafunzi wa namna hiyo ndio wanaozirudia rekodi zaidi kuliko wenzao. Tena hakuna kinachowazuia wanafunzi wanne wa Buyenzi au Bwiza kukaa jioni kuizunguka simu moja, kusikiliza dakika 15 za uchumi kwa Kifaransa, na kuzijadili kwa Kiswahili mpaka zieleweke. Kujifunza kwa namna hiyo hakuhitaji idhini ya wizara.

Kwa wasiosikia, rekodi ya sauti peke yake ni mlango uliofungwa. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kililipata somo hilo kwa uchungu. Kilikuwa kimeweka mtandaoni, bure kwa wote, zaidi ya rekodi 20,000 za mihadhara. Baada ya malalamiko ya wafanyakazi wawili wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, chuo cha viziwi mjini Washington, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitamka mwaka 2016 kwamba nyingi kati ya rekodi hizo hazikufikiwa na wenye ulemavu kwa kukosa maandishi sahihi yanayofuata maneno. Mwezi Machi 2017, badala ya kugharamia marekebisho, chuo kiliziondoa machoni pa umma. Kila upande ulibaki na hasara. Kazi ya maandishi ni nyepesi zaidi inapofanywa somo likiwa bado bichi. Kompyuta inaweza kutoa rasimu ya Kifaransa, na mwanafunzi wa darasa hilohilo akasahihisha istilahi na majina ya Kirundi, ambayo programu hizo huyavuruga karibu kila mara.

Rekodi pia huzeeka, na huzeeka bila dalili. Somo la sheria ya katiba lililorekodiwa Bujumbura mwaka 2017 lilikuwa sahihi kabisa wakati huo, likieleza Katiba ya mwaka 2005. Mwaka uliofuata katiba mpya ilipitishwa kwa kura ya maoni na kutangazwa mwezi Juni 2018. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayelipakua faili hilo leo, likiwa na sauti safi na mhadhiri mwenye heshima yake, hana namna ya kujua kwamba baadhi ya vifungu anavyovikariri havipo tena. Jina la faili hubadilishwa linapohamishwa kutoka simu hadi simu, na tarehe iliyoandikwa na kompyuta hufutika. Njia iliyo ya hakika ni mhadhiri mwenyewe kutamka, katika sekunde 10 za mwanzo wa kila rekodi, jina la kozi, siku, mwezi na mwaka.